Kadi Mbili za Bi. Deodata

Hadi Jumamosi iliyopita sikuwahi kumwambia mtu kwamba mimi ndiye niliyechanganya kadi za ndege katika kabati la maabara.

Bi. Deodata Uwimana anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza maabara ya shule yetu hapa Nyakahura. Alikuja kutoka Ntobeye na sanduku moja la nguo na daftari la ndege.

Kwetu vile vindege vya kahawia vya majanini vilikuwa kitu kimoja. Yeye alitufundisha kuwa ni jenasi moja, Cisticola, yenye spishi nyingi zinazofanana kama wanafunzi ndani ya sare, na kwamba sauti huzitenganisha vizuri kuliko manyoya. Kila Jumamosi alitupeleka nyuma ya bwalo, tukafumba macho. Spishi ya natalensis hukoroma kama chura. Ile ya woosnami hulia kama kengele ya baiskeli. Tulisema basi hata baiskeli ya Mzee Danstan, mlinzi wetu, ipewe kadi. Bi. Deodata alijibu kwamba kwanza ionyeshe kiota.

Katika droo kila jina lilikuwa na kijumba chake, na ndani kadi ya sauti aliyoiandika mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili droo iliniponyoka. Nilirudisha kadi harakaharaka, na ya natalensis na ya woosnami zikabadilishana vijumba.

Wiki hiyo tulipata wageni kutoka shule nyingine. Ndege akalia dirishani, Bi. Deodata akamtaja: woosnami. Mgeni mmoja akafungua droo, akasoma kadi iliyokuwa kwenye kijumba cha woosnami: hukoroma kama chura. Bi. Deodata aliutazama mwandiko wake wa ujanani, akauamini kuliko alivyojiamini.

“Masikio na majina vimeanza kunikimbia,” alisema.

Hakutupeleka tena majanini. Nami nilinyamaza miaka miwili.

Jumamosi nilienda kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Kisha sauti ikasikika nyuma ya ua, naye akaniuliza ni nani yule. Nikasema woosnami.

“Hapana,” akasema. “Huyo ni Danstan anapita.”

Tulipochungulia, alikuwa Mzee Danstan juu ya baiskeli yake, akipiga kengele.

Asante, Bi. Deodata, kwa masikio uliyotupa. Huko Ntobeye unakorudi, nyasi ziwe ndefu na asubuhi ziwe tulivu.

Jumatatu niliomba ufunguo wa maabara, nikairudisha kila kadi kwenye kijumba chake, na nyuma ya zote mbili nikaandika jina langu na tarehe.