Evalina Mboje na King'ora cha Ghala la Pamba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Boniventura, mdogo wake marehemu. Familia imenipa heshima ya kuwasimulia maisha ya dada yetu kabla hatujampumzisha.

Evalina Mboje alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 hapa Ngulyati, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Mboje Shigela na Mama Pelagia, wakulima wa pamba. Utotoni alianika betri za redio juani pamoja na mahindi, kisha akaziweka sikioni. Mama alipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anasikiliza zikiamka. Mama alicheka, akamwachia.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Shinyanga, na mwaka 1987 akahitimu stashahada ya elektroniki Dar es Salaam. Alirudi nyumbani kuwa fundi katika kiwanda cha ushirika. Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Nathanael Masele. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, viwanda vipya vikaota, naye akafungua karakana yake Bariadi mjini na kujifunza kuandika programu za vidhibiti vidogo, zile chipu zinazoendesha mashine.

Mwaka 2004 kiwanda kimoja kilimpa kazi ya kutengeneza king'ora cha joto ghalani. Cheche ikinaswa ndani ya robota, mzigo wa pamba iliyoshindiliwa, huweza kuungua ndani kwa ndani bila moshi, na ghala lile lilikuwa na watu kutwa nzima. Kwa kuwa umeme ulikatika mara kwa mara, kifaa kilitumia betri. Ili betri idumu, kililala na kuamka. Kikilala, kilizima mapigo ya saa, mipigo ya umeme inayoendesha sehemu zake, pamoja na ile inayokiunganisha na kumbukumbu, chipu ya pembeni iliyotunza vipimo vya joto.

Kwenye majaribio kikaganda, kikaacha kufanya kazi. Meneja, Bwana Maganga, alitaka kifungwe hivyo hivyo kwa sababu pamba ilishaanza kuingia. Evalina alikataa, bila kupandisha sauti.

"Kikiganda hakuna atakayejua," alimwambia. "Watu watakuwa ndani wakiamini kuna kinachowalinda."

Alilitafuta kosa, akakuta ni lake mwenyewe. Kifaa kilipoamka, programu iliiendea kumbukumbu kabla ya kuwasha mapigo yake, ikabaki ikisubiri jibu lisiloweza kuja. Akapanga upya: mapigo yawashwe kwanza, yaachwe yatulie, ndipo kumbukumbu isomwe, na yasizimwe kabla kipimo cha mwisho hakijaandikwa. Mimi nilikuwa mpakiaji pale kiwandani. Alinionyesha mapigo hayo kwenye kioo cha chombo cha kupimia, mstari wa kijani ukipanda na kushuka, mamilioni ya mara kwa sekunde moja, ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha. Naye, aliyekijua, alikuwa ameduwaa kama mimi.

Mchana mmoja wa Agosti king'ora kililia. Hapakuwa na moshi wala harufu. Joakim, mtunza ghala, alidhani kimeharibika tena, akampigia Evalina simu.

"Toa watu kwanza, Joakim. Mengine baadaye."

Wote walitoka. Tulilikokota nje robota lililokuwa na joto, tukalikata. Moyo wake ulikuwa mwekundu kama kaa la jikoni, na hewa ilipouingia, moto ukapanda kutupita vichwa. Tuliumwagia maji hadi ukazimika. Baadaye hakuna aliyesogea. Kila mtu alikuwa akilitazama ghala lililojaa hadi darini. Evalina alipofika, Joakim alivua kofia, akasema, "Wabeja, mayu," shukrani ya kwetu kwa mama, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Mwanza. Wiki za mwisho nilimuuliza kama anaogopa. Alisema, "Boniventura, nimeishi nikistaajabu. Nakwenda hivyo hivyo."

Alifariki nyumbani kwake Bariadi asubuhi ya tarehe 11 Machi 2019, akiwa na mumewe.

Ameacha mume, Mwalimu Nathanael. Watoto wawili, Winnie na Dastan. Mjukuu mmoja, Benedikta. Mama yetu Pelagia. Na sisi ndugu zake.

Dada Evalina, Mungu akupokee. Pumzika katika amani yake.