Siku nne kuhamisha picha

Maree alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele cha tramu, ambako binti fundi wa kompyuta alikuwa akimsema mzee asiyemjua, aliyetoka kumsimulia habari za kompyuta yake.

“Babu, diski mpya unaichomeka kwenye kompyuta kuukuu hiyo? Siku nne unahamisha picha! Niiongezee kadi ya kasi, nusu saa umemaliza.”

“Majina ya picha yanapita moja moja kwenye skrini, binti, mwaka hadi mwaka. Mke wangu Dot ufukweni. Dot na keki. Nakaa na chai yangu, nayasoma.”

“Huo ni ubishi tu, babu.”

Maree alikubaliana naye kimoyomoyo.

Mzee akabonyeza kengele ya kushuka. “Jana nimefika picha za mwaka tisini na saba. Dot alifariki mwaka elfu mbili na tatu, picha zake zinaishia hapo. Sasa kwa haraka yote hiyo unanipeleka wapi?”

Tramu ikasimama.