Nani Atamvunjia Bibi Kou Chungu

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mpaka huku Heiyaogou, shikeni vizuri karatasi zenu, upepo wa leo hauna adabu. Nitasoma haraka. Mpiga ramli amesema jeneza liinuliwe kabla ya saa sita mchana, na Zhanbiao, mtoto wa shemeji wa marehemu, bado hajafika. Karatasi inasema yeye ndiye atakayevunja chungu cha majivu ya sadaka tulizochoma mbele ya jeneza kwa niaba ya mtoto wa kiume. Vumbi limefunga barabara, simu yake haipatikani, na chungu kisipovunjwa marehemu haondoki. Haya, tuendelee.

Marehemu Bibi Kou Xiuqin alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 katika kijiji cha Shizui, wilaya hii hii ya Huangtun, mkoani Gansu, akiwa wa tano kati ya watoto wanane. Siku hizo kila nyumba ilifurika watoto, na kila mteremko ulilimwa mpaka ukingoni. Mvua ikinyesha, shamba zima lilishuka bondeni.

Alisoma Shizui hadi darasa la nne. Mwaka 1962 kisima cha kijiji kilikauka, akatolewa shule ili ateke maji mbali. Mwalimu alipokuja kulalamika, baba yake alimjibu, “Mwalimu, hesabu hainyweki.” Hata hivyo alikuwa ameshajua kusoma, na hilo ndilo lililomponza.

Tarehe 6 Januari 1972 aliolewa na Niu Wanfu wa hapa Heiyaogou, fundi wa kuchimba nyumba za ndani ya kilima. Mwaka 1978 walijaliwa binti, Caixia, ndiye huyu anayewasomea.

Mwaka uliofuata, kwa kuwa alijua kusoma, aliteuliwa kuwa msimamizi wa uzazi wa mpango kijijini. Kazi ya kuchukiwa hiyo, jamani! Alipita nyumba kwa nyumba kutafuta mimba zisizoruhusiwa, zile za kuzidisha mtoto mmoja. Wapo hapa waliomfungulia mbwa. Msiinamishe vichwa, alishawasamehe. Siku moja aliingia kwa Bibi Luo, ambaye mkwewe mjamzito alikuwa amejificha kwenye shimo la viazi. Marehemu alikaa juu ya mfuniko wa shimo, akaomba chai. Chini pakasikika chafya.

“Bibi Luo, panya wako wana mafua,” alisema.

“Ni vumbi, mwenzangu, ni vumbi tu,” Bibi Luo akajibu, akimwongezea chai.

“Basi wafunike blanketi.” Akamaliza chai yake, akaaga.

Mwaka 1983 alishika mimba ya pili. Kijiji kikacheka: haya, mkuki kwa nguruwe, sasa tuone! Alikwenda hospitali, akarudi bila mimba. Mtoto alikuwa wa kiume. Mzee Wanfu hakula naye meza moja mpaka msimu wa mavuno. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nilimwona mama amelala akitazama ukuta. Hili halimo kwenye karatasi zenu. Linaniuma mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Serikali ilipokataza kulima miteremko, marehemu alianza kupanda misonobari, akagombana na kila mwenye mbuzi. Mzee Wanfu alifariki mwaka 2009. Miaka mitano baadaye kijiji kilihamishiwa bondeni kwenye maji ya mifereji. Vijana walishatangulia viwandani. Yeye akagoma kuhama. “Angalia, Caixia,” aliniambia, “mlima umeota nywele, kijiji kimepata upara.” Akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuisha. Mwaka 2021 madaktari walisema mapafu yamechoka kwa vumbi na moshi wa makaa. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Aprili 2023, asubuhi. Wiki moja kabla aliniuliza, “Chungu changu atavunja nani?”

“Zhanbiao, Mama.”

“Zhanbiao! Yule hata yai linamshinda. Wewe mikono yako ya nini?”

“Wazee watasema.”

“Wamesema tangu themanini na tatu. Waache wamalizie.”

Nilijifanya nakoroga uji.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe Pu Guoliang, mjukuu mmoja Yinan, shemeji yake Niu Wanlu, na mlima mzima wa misonobari.

Saa sita hiyo inakaribia. Wabebaji, shikeni miti yenu. Yinan, nipe hicho chungu.

Baba mdogo Wanlu, usinivute mkono. Nimekusikia, binti havunji chungu, haijawahi kutokea Heiyaogou. Sawa. Basi niletee mdogo wangu wa kiume, yule wa themanini na tatu.

Mlete, baba mdogo. Nitampa.

Haya, sogeeni nyuma, vigae vitaruka. Nenda, Mama. Nenda ukapumzike.