Kavindu Wawili wa Mama Koki

Inatangazwa rasmi, kwa majonzi, kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025 birika la jikoni halitakuwa na mtu wa kulizima. Aliyelizima miaka ishirini na minane, Bi. Mwongeli Munyoki, yaani Mama Koki, anastaafu siku hiyo kutoka maabara yetu hapa Industrial Area.

Birika lilikuwa la kujitolea. Kazi aliyoandikiwa ni kuchora koo: nani alimzaa nani, nani mgonjwa, nani mzima, ili sisi tutafute katika damu yao jeni zinazodhoofisha neva. Wengine walitegemea fomu. Yeye alikusanya vijitabu vya mazishi, maana humo familia haithubutu kuruka mjukuu. Matangani alifika mapema, akaondoka na vitatu mkobani.

Mwaka wa 2014 alituletea ukoo wa Bwana Nzivo wa mtaa wa Kariobangi. Watu tisa, vizazi vitatu, miguu inakufa ganzi, na ndugu hawasalimiani kwa kushukiana uchawi. Walitaka kujua sababu, basi.

Tukapata herufi moja iliyobadilika kwenye jeni moja ya neva. Wagonjwa wanane walikuwa nayo. Wa tisa, Kavindu, mamake Nzivo, hakuwa nayo. Wakubwa wakaamua hiyo siyo jeni yenyewe, na ukoo huo uondolewe kwenye utafiti.

Mama Koki hakubishana. Alifungua kijitabu cha mazishi ya babake Nzivo mbele yangu, akaweka kidole kwenye jina la mjane, kisha la mjukuu. Kavindu. Kavindu.

"Andati ndugu yangu," akaniuliza, "ulimdunga yupi?"

Alirudi Kariobangi mwenyewe, akamtoa damu nyanya, yaani yule mjane. Herufi ilikuwepo. Wiki iliyofuata Nzivo na dadake walikaa benchi moja katika korido yetu, wakielezwa jinsi ugonjwa wao unavyorithiwa. Waliondoka pamoja.

Ripoti ya sampuli iliyokosewa ilitaja "hitilafu ya kompyuta". Kompyuta haikukosea. Siku niliyokwenda kuchukua damu, msichana alinifungulia mlango, akasema anaitwa Kavindu, jina lililokuwa kwenye orodha yangu, na chai ilikuwa tayari mezani. Nikamdunga. Hata miguu yake sikuitazama, wala sikukumbuka kwamba Wakamba huwapa wasichana majina ya nyanya zao. Mama Koki alijua, akanifichia kosa hilo miaka kumi na mmoja.

Asante, dada. Ukae kwa raha na mjukuu wako, Mwongeli mdogo. Mkija kutusalimia, nitauliza ni Mwongeli yupi kabla ya kuandika jina.