Minyaa ya Kijito cha Kalombwe

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Mama Kalista Katabi, mchora ramani wa ofisi yetu ya ardhi hapa Mpanda, anastaafu tarehe 30 Juni 1997. Soda zimeagizwa, keki ipo. Ukweli ni kwamba amechoka, na sisi tunaobaki tumechoka pia, lakini sherehe ni sherehe.

Mzaliwa huyu wa Karema amechora karibu kila kiwanja mnacholalia. Wino wake ulikuwa mweusi, chai yake nyeusi zaidi, na aliyeegemeza kiwiko chenye jasho juu ya meza yake hakurudia.

Kazi aliyoipenda ilikuwa moja: kugeuza kingo za kijito cha Kalombwe ziwe bustani ya mji. Kijito kilikuwa jalala, watu walilima mpaka majini, na kila kiangazi visima vya jirani vilikauka mapema zaidi. Alichora njia za miguu, miti ya kivuli na mahali pa ng'ombe kunywea. Kamati ya mipango ya mji iliisifu ramani, ikaahirisha. Mwaka uliofuata iliisifu tena. Danadana hizo zilimzeesha.

Vigingi vyake vya mpaka viling'olewa vikawa kuni. Kwa hasira akaomba matawi ya minyaa, ile miti ya utomvu mkali, kwa Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia ng'ambo ya kijito, akaipanda mpakani mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilimsaidia mara moja, utomvu ukaniingia jichoni, nikapewa mapumziko ya ugonjwa.

Hatukujua tulichofanya. Kwa Wasukuma, ambao ndio wengi wanaolima na kuchunga pale, minyaa ikizunguka mahali ni ua wa boma, na boma lina mwenyewe. Majembe yakaondoka kingoni. Ng'ombe wakapitishwa pale tu alipoacha mwanya. Watu wakapaita Kwa Kalista, nyasi zikarudi, na maji yakaanza kukaa hadi Septemba.

Mwezi uliopita tuliagizwa tukate viwanja kwenye kingo zile zile. Nilikwenda na mnyororo wa kupimia, moyo mzito. Masalu alikuwa amesimama kwenye mwanya na fimbo yake.

"Nyie mnapima boma la mtu," alisema. "Mwenyewe mmemwambia?"

Hatukuwa tumemwambia. Tulirudi ofisini, na kamati, kama ilivyo desturi yake, ikaahirisha.

Mama Kalista alipopata habari hakushangilia. Alivua miwani, akalia kidogo. Kisha akauliza nani ataipogoa minyaa yeye akisharudi Karema, maana boma ambalo ua wake haupogolewi watu hulihesabu mahame, makao yaliyoachwa, na mahame hugawiwa yeyote. Tulitazamana, kila mtu na uchovu wake. Hatimaye nikainua mkono, mimi mwenye jicho lile lile.

Asante, Mama, kwa ramani na kwa ukaidi. Ziwa la kwenu Karema likupe upepo mzuri na usingizi wa kutosha. Siku ukija mjini, usianzie ofisini. Pitia kwako kwanza, utakuta tumepogoa.