Mwenye Mpira Hafungwi

Mheshimiwa Diwani wetu, Bwana Chifu, Sheikh na Mchungaji mlioketi pamoja hapa mbele, wageni wetu kutoka Muthurwa, wachezaji, akina mama, nanyi vijana mliojaa madirishani, hamjambo? Mimi ni Muhidin mwenye duka, mwenyekiti wa mashindano haya ya mwaka 1987 na, kama mjuavyo, shabiki wa timu yetu ya Shaba tangu ianzishwe hapa Kariobangi. Leo Shaba imefungwa na Muthurwa kwenye fainali. Basi mbona nimesimama mbele yenu natabasamu kama mtu aliyetua gunia la mkaa?

Nitawaambia. Miaka kumi na mitano iliyopita, watoto walicheza mpira wa matambara nyuma ya duka langu, hadi Tobias aliponunuliwa mpira wa dukani. Nanyi mnaijua sheria ya watoto: mwenye mpira hafungwi. Akifungwa, anauchukua anakwenda nao kwao. Siku moja Tobias alifungwa akalikataa bao, na wote wakamkubalia isipokuwa kisichana kimoja, Nthambi, ambaye mamake anatuuzia sukuma wiki mpaka leo. "Tobi, hilo ni bao," akasema. "Mpira ni wako, bao si lako." Mpira ukaenda nyumbani, na wenzake wakamfukuza Nthambi hadi mlangoni kwao: "Enda ukapike!" Kesho yake je? Alirudi, akasimama palepale kando ya goli.

Wangapi wetu tulikuwa na ukaidi huo utotoni, tukauacha tulipoanza kujiita watu wazima? Yeye hakuuacha. Alisomea urefa akafaulu, na bado wakubwa wakampa kibendera akimbie nacho pembeni, msimu baada ya msimu, eti firimbi ya fainali mikononi mwa mwanamke italeta fujo. Mwaka huu nilipopendekeza jina lake, kamati ilikubali shingo upande: likirushwa jiwe hata moja, atarudi kwenye kibendera na firimbi hataigusa tena. Mamake naye akanijia, "Mzee Muhidin, mwanangu akiumizwa, nitakuja kulilia dukani kwako." Jamani, wiki nzima chakula hakikupita!

Leo, dakika za mwisho, bila kwa bila, Tobias, ambaye sasa ndiye nahodha wetu, akaunawa mpira kwenye eneo la hatari. Wengi hatukuona. Nthambi aliona, akapuliza: penalti! Mara nikaona vijana wetu wakiinama kuokota mawe. Tobias akamwendea refa. Nilifumba macho nikasoma kila dua ninayoijua.

"Refa, nimeunawa," nikamsikia akisema. Kisha akawageukia mashabiki: "Wacheni hiyo! Nimeunawa, mimi mwenyewe! Wekeni mawe chini!"

Mawe yakawekwa. Penalti ikaingia. Nami nikashangilia bao la Muthurwa, mke wangu ni shahidi, na mpaka sasa hajaniamini. Moyo wangu umetulia, ndugu zangu, umetulia kweli.

Tobias, umetuheshimisha kuliko kikombe. Nawe Nthambi mwanangu, wanakamati wale pale wamekwisha kukubaliana kabla sijasimama: msimu ujao firimbi ni yako, bila sharti lolote. Mama Nthambi, lia tu, hayo machozi tumeyaruhusu.

Wageni wa Muthurwa, njooni mchukue kikombe chenu. Asanteni nyote kwa kunivumilia. Na pilau haipakuliwi mpaka kila shabiki wa Shaba apite hapa mbele, ampe mkono refa wetu.