Rotich Hataki Kupishwa

Na Kalista Mlay, kocha wa mashambulizi

Kutoka chini ya rundo la wanaume waliovaa kofia ngumu husikika sauti moja: kiganja kikipiga ngozi ya mpira, pa, pa. Niliisikia siku ya kwanza nilipofika uwanjani kama mtazamaji, kabla sijajua hata sheria moja, na haijanitoka masikioni. Ni Austin Rotich akiwaarifu wenzake kwamba ameangushwa lakini mpira bado anao.

Jumamosi hii, tarehe 15 Novemba, Rotich anastaafu baada ya kuichezea klabu yetu ya Nyati wa Mto Lulu kwa miaka kumi na miwili. Kazi iliyomjengea jina ni ya mbeba mpira: mtu anayekabidhiwa mpira na mrushaji, kisha akatakiwa kupenya kati ya watu kumi na mmoja wanaotaka kumlaza chini. Katika futiboli ya Kimarekani hakuna nafasi inayochakaza mwili upesi kama hiyo. Wengi huiacha kabla ya kutimiza miaka thelathini. Rotich ana thelathini na tisa.

Alizaliwa Nakuru na kucheza raga tangu shuleni. Alikuja huku Guangzhou, Uchina, kufanya kazi kwa wakala wa mizigo anayepeleka makontena Mombasa kupitia bandari ya Nansha, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni wateja wake. Mwanafunzi mmoja Mmarekani aliyekuwa akitafuta wachezaji alimkuta ghalani akishusha marobota ya vitambaa, akamwuliza kama angependa kukimbia akiwa amebeba kitu chepesi zaidi. Rotich alidhani ni kibarua, akauliza malipo. Hadi leo hayapo.

Mechi yake ya kwanza aliicheza kama raga. Katika raga, mtu anayeangushwa huuachia mpira upande wa wenzake ili wauokote. Rotich alipokamatwa, akaulaza mpira nyuma yake kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto, akiwa bado hajagusa chini. Katika mchezo huu huko ni kuudondosha, na yeyote anaweza kuuchukua. Beki wa wapinzani aliuchukua, akakimbia nao uwanja mzima bila kufukuzwa na mtu, maana wenzake Rotich walikuwa wamesimama wakimtazama. Tangu siku hiyo walimwekea sharti: akianguka, wausikie mpira. Ndiyo asili ya ile pa, pa.

Tabia moja ya raga haikumtoka. Katika futiboli ya Kimarekani, mpira ukivuka mstari, pointi zimeingia. Rotich akishavuka huendelea kukimbia mpaka katikati ya milingoti, huinama, na kuukandamiza mpira chini kwa mikono miwili. Waamuzi hupuliza filimbi, hupuliza tena, kisha humsubiri. Kocha wetu wa zamani alimwambia kwamba anajichosha bure. Alijibu, "Kocha, nyumba ni yangu, wacha nifunge mlango."

Wenzetu Wachina humwita Lao Luo, yaani Mzee Luo, kwa heshima ya umri wake na kwa kuwa jina la Rotich huwatatiza. Kwa kuwa kwetu Luo ni Mjaluo, na Rotich ni Mkalenjin, Wakenya hawajaacha kucheka. Caro, Mjaluo anayeuza viatu, humpokea kila mechi kwa maneno yaleyale: "Karibu ukoo, jamaa yangu! Samaki utaanza kula lini?"

Jezi tunazovaa pia zinatokana na yeye. Za kwanza zilishonwa mtaani Kangle kwa vipimo vya miili yetu, na siku ya mechi hakuna aliyeweza kuingia ndani ya jezi yake, kwa sababu chini yake huvaliwa pedi za mabega. Rotich alirudi karakana ile amevaa pedi na kofia, akasimama kichochoroni apimwe huku pikipiki za vitambaa zikimpigia honi. Mama mshonaji alizunguka mabega yale mara mbili, akaonyesha kwa ishara ya mkono kwamba bei itapanda. Rotich alivua kofia ili aombe apunguziwe kama binadamu wa kawaida. Alipunguziwa.

Tumetwaa kombe la kusini mara mbili akiwa mbeba mpira wetu mkuu. Lakini kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni ya misimu miwili iliyopita, ambamo hakubeba mpira hata mara moja. Alikuja Heriel, kijana wa Arusha anayenunua vifaa vya umeme, mwenye mbio ambazo Rotich hakuwa nazo tena. Hakuna aliyelazimika kumwambia. Alimfuata kocha, akasema, "Mpe kijana. Mimi nitabaki nyuma kumlinda anayerusha." Tangu hapo huingia uwanjani tunapotaka kurusha tu, na kazi yake ni kusimama kando ya mrushaji na kujigonga kwa kila anayekuja kumwangusha. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kazi hiyo. Heriel husema, "Bro Rotich humwoni. Unasikia tu watu wanaanguka."

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia mitaani.

Wageni wetu wa Jumamosi, timu ya Shenzhen, wamejitolea kumuaga kwa namna yao. Mwanzoni mwa robo ya mwisho tumpe Rotich mpira, nao wote kumi na mmoja watajitenga ampite kila mtu hadi mstarini. Ni heshima ya kweli, na wameitoa kwa moyo safi. Mwenyekiti wetu Haidar aliipokea papo hapo. Binti yake Rotich, Jacinta, amesafiri kutoka Nakuru, na hajawahi kumwona baba yake akicheza.

Rotich alipoambiwa mazoezini, alikataa.

"Nikipita bila kuguswa, hiyo si mechi," alisema. "Ni harusi."

"Babu wee, wacha ubishi," Haidar akamjibu. "Mtoto amevuka bahari. Unataka akuone umelala kifudifudi?"

"Nataka aone kazi yangu."

"Kazi yako siku hizi ni kugongwa!"

"Basi aione hiyo."

Haidar alinigeukia akasema siku yenyewe atakubali tu, watu wote wakishasimama. Rotich aliinama. Alifungua kamba za viatu, akazifunga tena, akarudi kwenye mstari.

Nimelifikiria jambo hili kuliko inavyostahili mechi moja. Anayepishwa na watu wote ni mgeni wa heshima, naye hajawahi kuwa mgeni uwanjani. Kwa upande mwingine, kumpa mpira kwa kumwonea huruma kungekuwa kumtukana kwa njia nyingine, tena mimi si mtu wa kugawa mipira kwa huruma. Kwa hiyo nilitazama upya mechi zetu za misimu hii miwili, nikitafuta sababu ya kimchezo. Ipo. Rotich akiingia, wapinzani hujua tunarusha. Mabeki wao hurudi nyuma kuwafuata wapokeaji, na katikati hubaki wazi. Mtu aliyesimama karibu zaidi na uwazi huo ni yeye, na hakuna anayemchunga, kwa sababu wote wamekwisha kuzoea kwamba mikono yake ni ya kusukuma.

Rotich, klabu inakushukuru kwa mabega yako, kwa jezi, kwa makontena uliyoyapakia asubuhi na kuja mazoezini jioni bila kulalamika, na kwa kumwachia kijana nafasi kabla hujaombwa. Unarudi nyumbani kuipokea mizigo ya hawahawa jamaa zako upande wa pili. Tunakuombea magoti yasiyouma wakati wa mvua, meza yenye watu, na Jacinta akue akijua baba yake alikuwa nani huku.

Jana mchana nilimwandikia nahodha wa Shenzhen. Nilimshukuru, nikamwomba wasijitenge: wamkabe kama wanavyomkaba mtu yeyote. Alijibu kwamba ameelewa, na kwamba yeye mwenyewe angependelea hivyo. Haidar nimemweleza, hajanijibu. Mrushaji na wazuiaji wamekwisha kufundishwa. Katika shambulizi letu la kwanza la mechi Rotich atasimama kando ya mrushaji kama kawaida, mkono wa mrushaji utainuka, kisha mpira utashushwa tumboni mwa Rotich. Huenda akafika mbali, huenda wakamlaza baada ya hatua mbili. Ninaweza kuyaandika haya hapa kwa sababu Shenzhen hawana msomaji wa Kiswahili. Jacinta ameketishwa safu ya mbele, karibu na pale watakapogongana.